Kutia Bildi: Roboti za Baharini na Maji Yetu

Hotuba kwa wanafunzi, walimu na wavuvi wa Tanga

Wazee wangu, shikamooni. Manahodha, mama zangu wa soko la samaki, walimu, na nyinyi wanafunzi mliokaa mkekani kwa sababu viti vimewatosha wakubwa tu, asalaam aleikum.

Nimekuja na kitu mfukoni. Nakinyanyua mkione. Ni kipande cha risasi kilichofungwa kamba. Wazee wamekwisha kukijua, naona wanatabasamu. Wanafunzi wengi hamkijui. Hii ni bildi. Baba yangu alikuwa mvuvi wa mshipi upande wa pili wa maji haya, Pemba, na kila alipofika mahali asipopaamini alitia bildi. Aliiachia izame, akahesabu kamba kwa pima, mikono ikinyooka na kukunjana, kisha akaivuta. Chini ya risasi kuna kishimo, hiki hapa. Alikipaka shahamu, bildi ikigusa chini irudi na chembe zake: mchanga, tope, au vipande vya matumbawe. Kwa kamba na shahamu alijua kina cha maji na alijua amesimama juu ya nini.

Ila kulikuwa na mahali kamba ilikwisha na bildi haijagusa kitu. Hapo ndipo kilindi kilipoanza. Nikimuuliza chini kuna nini, alijibu, "Huko, mwanangu, anajua Mola." Nikakua na swali hilo. Leo nataka kuwaeleza juu ya bildi zinazoshuka mahali kamba ya baba ilipoishia.

Nianzie hapahapa, maana nyinyi mna kisa ambacho dunia nzima ya sayansi inakijua. Desemba 1938, kule East London, Afrika Kusini, dada mmoja wa makumbusho, Marjorie Courtenay-Latimer, aliletewa samaki wa ajabu aliyenaswa na meli ya uvuvi. Alikuwa silikanti, samaki ambaye wataalamu walimjua kwa mifupa iliyogeuka mawe tu, wakiamini ametoweka tangu zama za dinosau. Wa pili alipatikana Komoro mwaka 1952. Kisha kuanzia 2003 wavuvi wa Tanzania, na hasa nyinyi wa Tanga, mkaanza kumtoa kwenye jarife, ule wavu wa macho makubwa. Hakuwa mmoja wala wawili. Baadhi ya wazee waliomo humu wamemshika kwa mikono yao. Ilipofika 2009 serikali ikatangaza Hifadhi ya Bahari ya Silikanti.

Sikilizeni mpangilio wa mambo, kwa sababu mara nyingi unasimuliwa kinyume. Jarife ndilo lililotangulia. Wavuvi walipokwisha kuonyesha kwamba samaki huyo yuko, ndipo watafiti wa Kijapani wakaja na roboti, na mwaka 2007 wakampiga picha za video akiwa hai katika maji ya Tanga. Roboti ile ilishuka kwa waya kutoka chomboni. Waya unapeleka umeme chini na kuleta picha juu, na mtu aliyekaa sitahani anaiongoza kama mtoto anavyoongoza kishada, tofauti ni kwamba kishada hiki kinakwenda chini.

Jarife lilitupa samaki aliyekufa. Roboti ilituonyesha anavyoishi. Silikanti hakimbii. Ananing'inia majini karibu na miamba, mapezi yake manene yanakwenda kwa kupishana, la kulia la mbele na la kushoto la nyuma, mfano wa mnyama wa miguu minne anayetembea. Mchana hujificha mapangoni, usiku hutoka kuwinda. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021 kwa kusoma magamba yake ulikadiria kwamba anaweza kuishi karibu miaka 100 na kubeba mimba kwa takriban miaka mitano. Kwa hiyo mama mmoja wa silikanti akifa kwenye jarife, pengo lake halizibiki mpaka mtu aote mvi. Nilipoiona video ya samaki huyu kwa mara ya kwanza, mikono ilinitetemeka. Nilimkumbuka baba na kamba yake.

Sasa, mwanafunzi mmoja aliniuliza mlangoni: kwa nini waya? Kwa nini isiwe kama ndege zile ndogo zinazopiga picha harusini? Swali zuri. Mawimbi ya redio hayapenyi maji ya bahari ila kidogo mno. Simu yako ukiizamisha, hata ikiwa haipitishi maji, mtandao unakatika papo hapo. Setilaiti haiioni roboti iliyozama, wala roboti haiwezi kuuliza, "Niko wapi?" Kinachosafiri majini ni sauti, tena kwa kasi, karibu mita 1,500 kwa sekunde, ila sauti haibebi picha za video kama redio inavyobeba hewani. Na kuna mgandamizo. Kila mita 10 unazoshuka, uzito unaongezeka sawa na wa hewa yote iliyo juu ya vichwa vyetu. Ukifika mita 2,000, ambazo ni kama pima 1,100, kila kipande cha ngozi cha ukubwa wa ukucha wa kidole cha mwisho kinabeba karibu kilo 200. Mwaka 2014 roboti ya Kimarekani iitwayo Nereus, iliyowahi kufika sehemu yenye kina kirefu kuliko zote duniani, ilipondeka ikiwa karibu mita 9,900 chini, katika mfereji wa Kermadec kaskazini mwa New Zealand. Kilichorudi juu ni vipande vikielea.

Kwa hiyo mtu anayetaka roboti iende mbali bila waya lazima akubali jambo moja gumu: ataiachia, na kwa saa au siku nyingi hataijua iko wapi. Ni sawa na kumruhusu mtoto asafiri. Unamfundisha njia, unamfungia chakula, halafu unasubiri.

Ziko roboti za umbo la kombora zenye rafadha zao, yaani panga za kusukuma maji, zinazotembea juu ya sakafu ya bahari kwa njia zilizopangiwa na watu wao, zikipiga picha na kuchora ramani kwa sauti. Roboti za namna hiyo zimewahi kuteremshwa katika Mkondo wa Pemba, kwenye mradi uliokuwa ukiitwa SOLSTICE, ulioongozwa na taasisi ya bahari ya Uingereza kwa kushirikiana na watafiti wa Tanzania, Kenya na Afrika Kusini. Zilipiga picha matumbawe yaliyo chini kuliko mpiga mbizi anavyothubutu kufika. Ziko pia glaida. Hizi hazina rafadha kabisa. Zina mabawa, na zinakwenda mbele kwa kuzama na kuibuka, kuzama na kuibuka, bila haraka. Mwaka 2009 glaida moja iliyorushwa na Chuo Kikuu cha Rutgers kutoka New Jersey, Marekani, ilivuka bahari ya Atlantiki mpaka Hispania kwa siku 221. Walioshiriki kuiongoza, kwa kuipa maelekezo kila ilipoibuka, walikuwemo wanafunzi. Na nyingine iliyotangulia mwaka mmoja kabla yake ilipotea karibu na visiwa vya Azores. Hawakukaa kitako wakalia. Walichunguza kilichoiangusha, wakatengeneza nyingine.

Lakini mimi roboti ninayoipenda kuliko zote haina mabawa, haina rafadha, haina hata kamera. Ni boya. Naomba mnivumilie, kwa sababu hapa ndipo moyo wangu ulipo.

Mradi unaitwa Argo. Maboya yake yalianza kutupwa baharini mwanzoni mwa miaka ya 2000, na leo yako karibu 4,000, yametapakaa bahari zote za dunia, yakiwa yametolewa na nchi takriban 30. Boya lenyewe ni bomba refu lenye antena kichwani, uzito wake kati ya kilo 20 na 30, vijana wawili wanalibeba. Likishatupwa, linazama lenyewe mpaka mita 1,000. Huko linatulia, linauachia mkondo ulichukue kwa muda wa siku tisa hivi. Kisha linazama zaidi, mpaka mita 2,000, na kutoka hapo linaanza safari ya kupanda, saa kadhaa, likipima njia nzima: joto, chumvi, mgandamizo. Likichomoza juu linatuma vipimo vyake kwa setilaiti, na hapo ndipo linapojulikana liko wapi. Halafu linazama tena. Kila siku 10, kwa miaka minne, mitano au zaidi, mpaka betri itakapokwisha.

Linapandaje bila mashine ya kusukuma? Wavuvi wa mshipi wanajua jibu, ila hawajaambiwa kwamba wanalijua. Mnapomvuta changu kwa haraka kutoka chini sana, anafika juu tumbo limefura, matumbo yamesukumwa mdomoni. Ni kile kibofu chake cha hewa kilichotanuka. Mwili wa samaki uzito wake ni uleule, lakini amekuwa mkubwa, na kitu kikiwa kikubwa bila kuongezeka uzito, maji yanakinyanyua. Boya la Argo lina mfuko wa mpira kwa chini. Ndani ya boya kuna pampu ndogo inayosukuma mafuta kutoka tumboni kwenda kwenye ule mfuko. Mfuko unavimba, boya linapanda. Mafuta yakirudishwa tumboni, boya linazama. Ndiyo siri yote. Hata glaida iliyovuka Atlantiki ilitumia ujanja huohuo wa kujifanya nzito na nyepesi, ikaongeza mabawa tu.

Mwaka 2012 mradi huu ulifikisha vipimo milioni moja, yaani safari milioni moja za kutoka chini kwenda juu. Kwa karne nzima iliyotangulia, meli zote za utafiti duniani zilikuwa zimepata vipimo vya kufika mita 2,000 kama laki mbili tu. Meli inahitaji mafuta, mabaharia, chakula, na hali nzuri ya hewa. Boya halijali kusi likivuma wala mawimbi ya Antaktika wakati wa baridi. Liko chini huko, kimya, linahesabu.

Mama mmoja pale nyuma ananitazama kama anayesema, "Sawa, mwanangu, lakini mimi nauza dagaa. Yananihusu nini?" Yanakuhusu, mama. Yanahusu mvua ya shamba lako.

Mwaka 1999 wanasayansi wa Japani na India walieleza jambo linaloitwa Dipoli ya Bahari ya Hindi. Kwa kawaida maji ya moto yanalundikana upande wa mashariki, Indonesia. Miaka mingine pepo hubadilika, upande wa Sumatra unapoa, na maji ya moto yanajaa upande wetu. Mawingu hufuata maji ya moto. Vuli ya 2019 mnaikumbuka. Dipoli ilikuwa kali kupita kawaida, na mvua ikashuka kuanzia Somalia na Kenya mpaka kwetu, mito ikavunja kingo, madaraja yakaondoka. Mwaka 2022 ikawa kinyume: maji ya moto yalikaa mashariki, na Pembe ya Afrika, ambayo tayari ilikuwa na kiu, ikakaukiwa zaidi. Wafugaji wa kaskazini mwa Kenya na wa Somalia walizika mifugo.

Setilaiti inaona joto la ngozi ya bahari. Haipimi joto lililo chini ya ngozi hiyo. Na tofauti ni kubwa: maji ya moto yenye unene wa pima 10 yanapoa upepo ukivuma siku chache, lakini yenye unene wa pima 50 yatakaa miezi. Anayetaka kutabiri vuli mwezi Agosti lazima aujue unene huo, na anayeupima katikati ya bahari ni boya la Argo zaidi ya chombo kingine chochote. Vituo vikubwa vya utabiri duniani hula vipimo hivyo kila siku, na utabiri wa msimu tunaousikia redioni umepita mikononi mwa kazi yao.

Kuna wakati upande wetu wa bahari ulikuwa na tundu kwenye ramani hiyo. Miaka ile ya maharamia wa Somalia, meli za kutupa maboya ziliacha kupita huku. Yaliyokuwepo yakafa moja moja, mengine hayakuja. Ikabidi wanasayansi wa Australia waombe majeshi ya majini ya nchi yao na ya Marekani yawasaidie kuyatupa. Nawaambia hili ili mjue kwamba mtandao huu unaishi kwa watu wanaoulisha. Ukiachwa miaka mitano, unakufa.

Nina uchungu mmoja, na nitausema mbele yenu. Nilipokuwa mwanafunzi, chombo kimoja cha utafiti kilikuja pwani yetu. Tuliitwa vijana sita. Tulibeba masanduku, tulishika kamba, tulipigwa picha tukiwa tumevaa majaketi ya kuokolea. Wiki tatu baadaye chombo kikaondoka na kila kilichopimwa. Miaka mingi ilipita kabla sijaviona vipimo vile, katika makala iliyoandikwa nchi ya mbali, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuitwa kuelezwa walichokiona. Wenyewe mnasema Tanga ni waja leo waondoka leo. Roboti nayo ikawa vivyo hivyo.

Ndiyo sababu naipenda Argo. Vipimo vyake havifichwi. Boya likichomoza leo mashariki ya Pemba, ndani ya siku moja namba zake ziko wazi kwenye intaneti, bila malipo, bila kuomba ruhusa ya mtu. Mwanafunzi wa Tanga anazipata siku ileile na profesa wa London. Nimekwisha kuzionyesha kwa walimu wenu asubuhi ya leo, tumechora mchoro wa boya moja kwa rula na penseli ubaoni, joto linavyoporomoka kutoka nyuzi 27 juu mpaka chini kabisa, baridi ya friji. Mlango uko wazi. Kinachonikereketa ni kwamba wanaoingia kutoka upande wetu ni wachache mno.

Na kuna pengo ambalo Argo hailizibi. Boya linalotaka kuzama mita 2,000 haliwezi kufanya kazi kwenye maji ya mita 60, litakwama tope. Kwa hiyo maboya yanakaa bahari kuu. Kutoka pale yanapoishia mpaka hapa ufukweni, kwenye maji ambayo nyinyi mnavua, anayepima ni nani? Glaida zingeweza, ila zinakuja mara chache. Miradi inakuja na kwisha. Maji ambayo watu wanayategemea kila siku ndiyo yaliyopimwa kidogo, na hili mimi silikubali.

Wazee wana kipimo chao, na nisieleweke vibaya: nakiheshimu kuliko mashine. Roboti itaniambia joto la pima 30. Haitaniambia kwamba kusi likianza kulegea samaki fulani wanasogea, au kwamba maji ya rangi ile pale mwambani yana maana gani. Nahodha anayajua hayo. Lakini maarifa ya nahodha yako kichwani mwake, hayana tarehe, na siku anapozikwa yanazikwa naye. Baba yangu alitia bildi miaka 40. Hakuandika hata mara moja. Ningetoa kitu gani leo nipate daftari lake!

Kwa hiyo nimeongea na mwalimu mkuu, na nimeongea na manahodha wawili waliokaa mbele hapa. Tunaanza kupima wenyewe. Tumenunua kipimajoto kidogo cha umeme kinachojirekodi chenyewe, hakizidi kidole gumba. Kitafungwa juu kidogo ya bildi hii hii ya baba, kwenye kamba ya pima 60 yenye mafundo. Mahali pamoja, mara mbili kwa mwezi, kaskazi na kusi. Juu, pima 5, pima 10, mpaka chini. Daftari litakaa shuleni, nakala itakaa kwa kikundi cha wavuvi. Kipimo kimoja hakitasema lolote. Cha Argo nacho, boya moja likiwa peke yake, hakisemi lolote. Mkifika vipimo 50 mtaanza kuona umbo la mwaka. Mkifika 200, watabiri ndio watakaokuja kuwauliza nyinyi.

La mwisho kabla ya maswali. Maboya haya yakizeeka, mengine husukumwa na maji mpaka ufukweni. Ukiliokota bomba lenye antena, lenye namba ubavuni, usilipasue na usilitupe motoni. Ndani kuna betri ambazo zinaweza kulipuka, na wakati mwingine hewa iliyobanwa. Halina shaba ya kuuza ya maana. Liweke kivulini mbali na watoto, piga picha ya ile namba, mpelekee ofisa uvuvi. Kwa namba hiyo wenyewe wataweza kusema lilitupwa wapi, lini, na limesafiri bahari zipi.

Jumamosi hii ni maji mafu. Nahodha anasema mkondo utakuwa umelegea, kamba itashuka wima. Tunaondoka diko la Sahare saa kumi na mbili asubuhi. Wanafunzi wanane kwa safari ya kwanza, majina yapo kwa mwalimu, wasichana wanne na wavulana wanne. Njooni na kofia, maji ya kunywa, na penseli mbili kila mmoja, kwa sababu kalamu ya wino haiandiki kwenye karatasi iliyolowa.